Uwanja Uliokataa Mvua

Enzi zetu, mahindi yakishavunwa na ng'ombe wakishamaliza mabua, shamba letu kule njia ya Kachibora liligeuka uwanja wa mpira wa kijiji kizima. Mpira ulikuwa makaratasi ya nailoni yaliyofungwa kwa kamba, na refa alikuwa yeyote mwenye sauti kubwa. Baba, aliyehamia hapo kutoka Misikhu, aliketi kwenye kigoda akishangilia. "Si ni shamba tu, bana? Wacha watoto wacheze."

Ng'ambo ya ua wa katani lilikuwa shamba la Mama Njoroge. Humo hakukanyaga mtoto wala ndama. Alitandaza mabua juu ya ardhi, na mpira ukirukia kwake aliufuata mwenyewe, fimbo mkononi. "Wewe Wafula, ati uwanja? Rudini kwenu!" alinifokea. Tulimwita mchoyo. Njoroge, mwanawe, alikuja kucheza kwetu.

Kisha mvua ya Aprili ikaja. Kwetu maji yalituama, hasa golini, tulipokanyaga zaidi, na mahindi yakawa manjano yangali mafupi kama vitunguu. Kwao maji yalizama kama chai kwenye mandazi. Udongo mwekundu uleule, mvua ileile! Njoroge akasimama kwenye ua. "Wafula, nyinyi mnapanda mahindi ama samaki?" Walipoanza kuchoma mahindi mabichi, harufu ilivuka katani ikanikuta nimekaa na sufuria ya mboga. Mama akasema, "Mvua ya Mungu haibagui shamba." Mimi niliona inabagua, na nikamchukia Njoroge hadi mavuno.

Jibu nililipata ukubwani, kwa vitabu vya mitumba vya Kitale na kwa kuchimba mwenyewe. Udongo wenye afya ni vitonge vidogo vilivyoachiana nafasi, na maji hushuka kwa nafasi hizo. Nyayo na kwato zikivisaga, nafasi huziba, maji yakakosa mlango. Niliporithi shamba, nilifunga uwanja na kutandaza mabua. Kila msimu nachomeka ardhini kopo lisilo na kitako, namimina maji, natazama. Siku hizi yanazama kabla sijanyoosha mgongo.

Mama Njoroge alishafariki, na Njoroge amewafungulia watoto shamba lake. Vijana wa leo! Wana viatu vya njumu na mpira wa dukani, lakini goli likiingia mchezo unasimama wapigane picha. Aprili madimbwi ni yake sasa, na ningeweza kumuuliza kuhusu samaki. Sijamuuliza. Januari nzima ameketi kwenye kigoda, anashangilia kama baba yangu, nami namwonea wivu kuliko wakati ule wa mahindi.

Kwangu mabua yametulia, hakuna unyayo hata mmoja. Mpira ukirukia huku naufuata mwenyewe, wasije wakakanyaga.

"Mzee, si uturushie!" wanapiga kelele kutoka kwenye ua.

Nawarushia. Lakini kwanza naushika kidogo.