Udi wa Ghalia Msituni

Hebu vuta picha, msomaji wangu, ninavyoingia msitu wa Fukayosi: mimi Adil wa Dunda, shati limefukizwa udi kama bwana harusi. Kazi yangu ni kufunga kamera mitini, watafiti wajue wanyama waliobaki. Asipoonekana mnyama, kijiji kitaruhusu msitu ukatwe kuchoma mkaa. Mpaka leo kamera zimenasa mnyama mmoja tu: mimi.

Majaliwa, mlinzi wa msitu, akaangua kicheko. “Bwana Adil, paa wanakunusa hujashuka hata kwenye bodaboda! Kesho njoo unanuka jasho kama wenzio.”

Kweli kabisa. Lakini udi huo mke wangu Ghalia hunifukiza kila asubuhi kwa mkono wake, na kikao cha kijiji cha kuamua kuhusu msitu ni Ijumaa. Wewe ungemwambiaje mkeo kuwa mapenzi yake yanafukuza paa?