Nilikwenda India kupima tembo wa mawe, mlango wa mchumba wangu sikuupima

Salaam wakuu,

Hiki ni kisa changu mwenyewe, sijatia chumvi. Kama ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi humu ndani.

Mimi ni kijana wa Palma. Kuchonga mbao nimejifunza mwenyewe, kwa kutazama milango ya watu na video za simu. Nina ugonjwa mmoja: kitu kikipinda kidogo tu, usingizi hauji.

Gesi ilipoleta kazi Afungi, jirani na kwetu, nikapata nafasi ya kuchomelea vyuma, na kampuni ikatupeleka wachache kozi huko Chennai, kusini mwa India.

Nyuma niliacha kesi.

Kwetu bwana harusi ndiye anayepeleka kitanda kwa kina mke. Nikaapa kukichonga mwenyewe. Ubao wa kichwani una maua mawili, na kila nikimaliza naona la kushoto limenona. Natupa ubao, naanza mwingine. Harusi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena.

Siku ya safari mchumba wangu, Muanacha, akanifuata karakana.

"Kitanda kisipoingia chumbani kwangu kabla ya Ramadhani, naolewa na yule afisa wa forodha wa Maputo. Yeye kitanda ananunua dukani."

Hakuwa anatania.

Basi Jumapili moja, mimi na Nelson, colega wangu wa kozi, tukaenda kuona mahekalu ya kale karibu na bahari. (Kabla hamjauliza: mimi Muislamu, nilitazama mawe, wanakoabudu sikuingia.)

Wakuu, mawe yale! Mcheza ngoma amechongwa mpaka shanga za mkufu unaziona moja moja. Simba, maua, farasi, ukuta mzima hauna pa kuweka kidole.

Langoni kuna tembo wawili. Nikatoa futi mfukoni.

"Colega, umekuja kutembea au kufanya ukaguzi?" Nelson akauliza.

"Huyu wa kushoto sikio limezidi!"

Nikaendelea kupima ukuta kuzunguka hekalu. Sikujua kwamba wenyewe huzunguka kwa upande mmoja tu, hekalu likiwa kuliani kwao. Mimi nakwenda kinyume, futi mkononi, nagongana na kila mtu. Bibi mmoja wa sari ya njano akanishika mabega, akanigeuza kama mtoto aliyepotea njia ya shule. Watu wakacheka.

Mlinzi akaja na filimbi yake. Nelson akamweleza kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba natafuta makosa.

"Umechelewa," mlinzi akasema. "Fundi amekufa zamani. Malalamiko tumefunga."

Nelson yeye alikuwa amesimama langoni, shingo juu. "Ona mlango ulivyo mpana. Kitu gani hakipiti hapa?"

Nikamjibu: "Mlango tazama wewe, mimi nina tembo."

Ikumbukeni sentensi hiyo.

Nikampigia Muanacha kwa video, nikamwonyesha masikio. "Hayalingani! Na watu wanatoka mbali kuja kuyatazama!"

Nilitegemea afurahi.

"Kumbe tembo wa Kihindi ndio unawaamini," akasema. "Mimi maua yale nimekwambia mazuri mara ngapi?"

Nikamwambia kaka zake wakakichukue kitanda karakana kama kilivyo, na ubao wake wa mwisho.

Kesho yake akapiga. Nyuma yake nasikia shangazi zake wanacheka hadi wanakohoa. Kitanda kiko uani, kuku wamelala chini yake.

"Maua hakuna aliyeona tofauti," akasema. "Ila kitanda hakipiti mlangoni."

Na hakifunguki. Viungo vyote nilivigundisha na kuvipigilia, kwa kuogopa visije vikalegea.

"Mlango wetu uliupima lini, wewe?"

Nikaanza kumweleza jinsi maua yalivyonila muda.

"Miezi yote hiyo ua, ua, ua!"

Mjomba wake akang'oa fremu na kipande cha ukuta. Kitanda kikaingia, Ramadhani haijafika. Niliporudi tukaoana, nikahamia chumba hicho hicho.

Kiraka cha ukuta kimepinda vibaya mno, wakuu. Nikifungua macho asubuhi ndicho cha kwanza kukiona. Nilishanyanyua mwiko siku moja, Muanacha akasema bila hata kugeuka: "Kiguse, uone."

Nilichojifunza: pima kwanza pale kitu kitakapopita, urembo baadaye.

Wenye ugonjwa kama wangu, semeni hapa chini mnaishije. Mimi nimekubali. Mlango umeshafungwa upya kwa kipimo kile kile cha zamani: kitanda hakitoki tena, na mimi sitoki.