Hindi la Gitega

Nilipokuja Kigali kusoma shahada ya uzamili ya mipango miji, nilikuwa na ada ya mwaka wa kwanza tu. Ya mwaka wa pili ningeijua mbele ya safari, kama tunavyosema kwetu Tabora tunapokuwa hatujui lolote. Idarani palikuwa na nafasi moja ya msaidizi wa kufundisha, na atakayeipata angesamehewa ada. Nikiikosa, nafungasha virago. Kwa hiyo niliazimia jambo moja: nionekane. Niliuliza maswali kwenye kila mhadhara, hata yale ambayo majibu yake nilikuwa nayo. Nilipiga pasi mpaka kilemba.

Kula ndiko kulikonipa shida. Asubuhi nilifundisha Kiswahili kwenye ofisi moja ya bima huko Kicukiro, ambako mabosi walitaka kuelewana na wateja wao wa Dar es Salaam. Mchana nilitakiwa darasani mjini. Katikati hapo palikuwa na basi, halafu mguu kukatiza mtaa wa Gitega. Muda wa kukaa mgahawani sikuwa nao, na mshahara wa Kicukiro ulikuwa umeshakwisha kwenye kodi ya chumba kabla sijaushika. Gitega kulikuwa na mama mmoja aliyechoma mahindi nyuma ya duka lake. Nikawa nanunua hindi, natembea, natafuna. Kwetu hakuna wa kugeuza shingo kwa jambo hilo.

Kwetu vilevile mtu hali bila kukaribisha. Ukigongana macho na mtu huku unatafuna, "karibu" inatoka yenyewe. Mchana mmoja, nikiwa nimefika nusu ya hindi, nilipishana na mzee wa suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Akaniangalia, nikamwangalia. Nikamnyooshea lile hindi lililokwisha kung'atwa, nikasema kwa heshima zote, "Shikamoo mzee, karibu." Mzee akalitazama hindi, akatazama kulia na kushoto kama mtu anayehofia mashahidi, akasema asante kwa sauti ndogo na kuongeza mwendo. Nikajisemea kwamba ana maringo, nikamalizia hindi langu.

Jioni nilimsimulia mwenye nyumba wangu, mama Mnyarwanda aliyekulia Karagwe na kurudi akiwa na watoto wake tayari. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akajifuta machozi na kuniambia ukweli.

"Mwanangu, hapa mtu mzima hali njiani. Mtoto sawa. Wewe wanakuona kama mtu asiye na kwao."

Nilikasirika, na hasira zenyewe sikujua nizielekeze kwa nani. Muda wote ule, watu wa Gitega walipokuwa wananikodolea macho, mimi nilidhani ni kilemba.

Juma lililofuata tulikuwa na semina ya idara. Tuliambiwa kwamba mhadhiri atakayeongoza jopo la kuchagua msaidizi amerudi kutoka likizo na atakuwa nasi. Akaingia: suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Nilihamia nyuma ya mwenzangu mmoja mrefu na siku hiyo sikuuliza hata swali moja. Nilitaka nionekane, basi nilikuwa nimeonekana.

Kuanzia hapo nililazimika kula nimekaa. Mama mwenye nyumba alinielekeza kwenye baa za maziwa, vile vichumba vyenye meza na benchi ambako unapata bilauri ya maziwa na chapati kwa bei ya kueleweka. Nikawa naingia, nakunywa nikiwa na jicho kwenye saa, natoka. Lakini mtu aliyezoea kutembea akikalishwa anaanza kuchungulia. Nikawaona mafundi, wauza nguo, wapanda pikipiki, watu wa haraka kuliko mimi, wote wamevua kofia na kukaa kwa utulivu mbele ya maziwa yao. Nikaona pia mtaa mzima usio na hata benchi moja, na wafanyakazi wake wakishinda na njaa mpaka jioni, kwa kuwa njiani hawawezi kula na pa kukaa hawana. Wenzangu wote waliandika utafiti wao juu ya barabara na mifereji. Wangu ukawa ni kuhusu mahali anapokaa mtu wa kipato kidogo ili ale.

Siku ya usaili ikafika. Walikuwa watatu mezani, na yeye katikati. Wenzake waliuliza ya kawaida, nikajibu. Yeye alifunua utafiti wangu polepole, ukurasa kwa ukurasa, na kila alipofunua niliiona tiketi ya basi la kurudi Tanzania. Mwishoni akavua miwani.

"Hii wazo ulitoa wapi?"

Ningeweza kumtajia vitabu, na nilikuwa navyo vya kutosha. Nikaona liwalo na liwe.

"Gitega, mzee," nilisema. "Nikiwa na hindi mkononi."

Wenzake wakatazamana wasielewe. Yeye hakutabasamu hata kidogo. Aliandika kitu, akaniambia naweza kwenda, na mimi nikaenda nyumbani kumwambia mama mwenye nyumba atafute mpangaji mwingine. Akanijibu nikaoshe vyombo kwanza.

Nafasi niliipata. Tangazo nililisoma ubaoni huku nimeshika mkoba wa mtu nisiyemjua, kwa furaha tu, na nilipompigia mama mwenye nyumba alipiga vigelegele vya Karagwe mpaka simu ikakatika.

Siku ya kwanza ya kazi mhadhiri aliniita ofisini kwake. Nilimkuta na suti ileile, uso uleule wa msibani. Alivuta droo, akatoa kifurushi cha gazeti na kukifungua mezani. Ndani mlikuwa na mahindi mawili ya kuchoma, bado ya moto.

"Funga mlango kwanza," alisema.

Nikaufunga. Akachukua hindi moja, akalinyoosha kwangu kwa mikono miwili.

"Sasa karibu."