Ngalula na cheche zilizokaanga redio za Kasuku

Moyo wangu unakataa. Tangu asubuhi nazunguka nyumbani, nakaa, nasimama, nashika simu, naandika, nafuta. Ngalula amefariki jana mchana, na mimi sijui mikono yangu niiweke wapi.

Wengi wenu humu kundini mlimfahamu akiwa bibi mwenye fimbo. Mimi nilimjua enzi za Zaire, sote wawili walimu wa sekondari hapa Kindu. Mimi kemia, yeye fizikia.

Binti wa mfanyakazi wa reli, familia ya Kasai. Hata mitihani aliisahihisha akitembea, na mboga yake ya sombe, Mungu anisamehe, iliungua kila mara kwa sababu alikuwa ameshatoka jikoni.

Labo yetu ya shule ilikuwa na bobini moja ya zamani, koili ya waya. Unaifunga kwenye betri ya gari, inapandisha umeme mpaka cheche ya buluu inaruka kati ya vipira viwili vya shaba. Wanafunzi waliipenda kuliko likizo.

Shida ni kwamba cheche ya namna ile haibaki mezani. Inatoa mawimbi, na mawimbi yanaingia katika kila redio iliyo karibu. Ngalula akiwasha, redio za mtaa zinakaanga, zinalia kama samaki kwenye mafuta.

Na saa ya somo lake ndiyo saa ambayo mtaa wetu wa Kasuku wote ulisikiliza hotuba ya Kiongozi kutoka Kinshasa. Enzi zile, kuikatiza sauti ile hakukuwa mchezo.

Assani, mkuu wa chama mtaani kwetu, akaamua kuna mtu anawatumia habari maadui wa nchi. Akaweka redio ya transista begani, akatembea akifuata kelele. Zikipungua anarudi, zikizidi anasonga. Zikamleta mpaka mlangoni mwa labo yetu.

Mimi nilirudi nyuma ya wanafunzi. Ngalula alifurahi! Akawaambia wanafunzi wamwangalie vizuri citoyen Assani, yaani mwananchi, ndivyo tulivyoitana enzi zile, amefanya jaribio zuri kuliko lake.

Assani hakucheka. Alitaka kujua ile mashine inasema nini.

“Haisemi kitu, citoyen. Njo makelele tu. Zungusha redio yako, utayakuta fasi yote, kila kituo. Muntu mwenye kutaka kusema anachagua fasi moja.”

Akazungusha. Kweli, kila kituo kilikuwa kinakaanga. Akalegea, lakini nusu tu. Akasema hotuba ijayo atakaa mlangoni na redio yake, na ikikwaruza hata kidogo, Ngalula anapelekwa.

Tulijua watu waliopelekwa. Wengine mpaka leo hatujawaona.

Nilimsihi aache. Mkuu wa shule naye alimsihi. Nikamwambia achore ubaoni, inatosha, nani atamlaumu?

“Nikichora wataniamini tu,” akasema. “Mie sitaki waniamini. Nataka waone.”

Basi tukahangaika kutafuta waya wa banda la kuku. Tukaunda kizimba, chini, juu na pande zote, bobini ndani. Wimbi likigusa waya linaishia palepale, alisema.

Tulijaribu siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya umma, mtaa mzima ukiwa barabarani na majembe, sisi tumejificha. Redio yangu bado ikakaanga. Nilitaka kulia. Ngalula akakizunguka kile kizimba, akakizunguka, mpaka akaona: waya uliotoka nje kwenda kwenye betri ndio uliotoa kelele zote.

Betri ikaingia ndani. Swichi tukaifunga uzi wa katani, ili aivute kutoka nje.

Siku ikafika. Assani mlangoni kwenye kiti, redio mapajani. Wanafunzi wamesimama, hakuna anayekohoa. Sauti ya Kinshasa ikaanza, na Ngalula akavuta uzi.

Cheche ikaruka. Tuliiona kupitia matundu ya waya, buluu, inalia. Na kule mlangoni hotuba iliendelea safi, neno kwa neno.

Akavuta tena. Na tena. Assani akainuka, akaja na redio yake mpaka kwenye kizimba, akaiweka sikioni. Akabaki hapo anatazama cheche pamoja na wanafunzi mpaka hotuba ikaisha. Akaondoka na redio yake.

Tulipobaki wawili tunafagia, nikauona mfuko chini ya meza yake. Ndani kulikuwa na kitenge cha kubadili, sabuni, chumvi na sweta. Nikamuuliza anasafiri wapi.

“Kule wangenipeleka,” akasema. “Watu wanasema kule kuna baridi.”

Nikaendelea kufagia mahali ambapo nilikuwa nimeshafagia.

Tangu jana mnaandika humu kwamba Ngalula hakuogopa kitu. Aliogopa, jamani. Niliuona ule mfuko. Aliogopa, akafunga nguo zake, akaingia darasani akafundisha.

Wanawake wa familia yake wamenipigia leo, wanataka nichague kitenge cha kumvalisha. Nimefungua kabati langu mara ngapi sijui. Nimechagua cha kijani, na sweta nimeweka, waseme wanavyotaka.

Safari hii nguo nimekufungia mimi, Ngalula. Lala kwa amani, dada yangu. Mlangoni hakuna mtu.