Shefu wa Departema Yuko Upande Gani

Nilirudi Bukavu kutoka Uvira msimu wa mvua, bila mpango wa kukaa. Kule nilikuwa nikipakia na kupakua malori, na kabla ya hapo nilifanya kazi nyingine ambazo hata dada yangu hazijui zote. Shule niliiacha mapema, na tangu hapo sijakaa mahali hadi majirani wakanizoea. Dada alinipa chumba cha nyuma ya nyumba yao, kwenye mteremko wa Ibanda, akaniambia nikae mpaka nichoke. Mume wake, shemeji yangu, alinipa mwavuli na kunionya nisiupoteze kama nilivyopoteza kila kitu nilichowahi kupewa.

Shemeji alikuwa mwalimu katika chuo kimoja cha mji. Wakati huo alikuwa pia shefu wa departema, yaani mkuu wa idara. Nilipofika nilidhani hicho ni cheo kikubwa. Baadaye nikaona kwamba anaamka saa ile ile na wenzake, anafundisha masomo kama wao, anasahihisha makopi ya mitihani ya wanafunzi hadi macho yanakuwa mekundu. Alichowazidi ni ofisi yenye dirisha moja na kazi ya kupanga ratiba, kugawa masomo, na kuwaambia wakubwa wa chuo nani amefundisha na nani hakufika. Kazi hiyo ya mwisho hakuwa akiitaja. Niliijua siku wenzake walipoanza kuitaja.

Sendika, chama cha kutetea walimu, ilikuwa imetangaza mgomo. Walimu walifika chuoni asubuhi kama kawaida, wakasimama uani chini ya mabati, na hakuna aliyeingia darasani. Shemeji naye alisimama uani. Siku chache baadaye, katibu wa masomo, mmoja wa wakubwa wa chuo, aliwaita mashefu wote wa departema, akawaambia kila mmoja alete ripoti ya walimu wake ambao hawafundishi. Hakupandisha sauti. Shemeji alituambia mezani kwamba aliwapa hata chai.

Hapo ndipo swali lilipozaliwa. Sendika ilitaka kujua kama hawa mashefu ni wanachama wake au ni mkono wa wakubwa. Ikaitisha mkutano wa walimu wote siku ya Jumamosi, wapige kura. Kwa shemeji yangu maana yake ilikuwa wazi. Wakisema ni mwenzao, angeikataa ripoti akiwa na chuo kizima nyuma yake. Wakisema hapana, angebaki peke yake mbele ya katibu, na majina ya watu mkononi.

Jina moja lilimuuma kuliko yote. Katika idara yake alikuwapo asista kijana, yaani mwalimu msaidizi, mtu wa Mudaka, ambaye hakuwa amepata barua ya kuajiriwa moja kwa moja. Mtu kama huyo anaweza kuondolewa kwa neno moja. Kila Jumapili, siku ya yenga kama tunavyoiita, baada ya misa alikuja kula kwetu, akituletea viazi vitamu au maharage kutoka kwa mama yake. Jumapili kabla ya mkutano alikuja pia. Dada alikuwa amepika bugali na sambaza.

"Shefu," asista alisema akinawa mikono, "siku utaandika kama sikufundisha, uandike pia kama nilikulaka hapa kila siku ya yenga."

"Huyu ataandikwa mbele ya bote," dada akajibu, "juu ya tumbo lake."

Tulicheka, mimi na dada na asista. Shemeji alitabasamu kwa kuchelewa, kisha akaanza kutoa miiba kwenye sambaza, samaki mdogo ambaye sisi sote humla mzima.

Swali likinishika siwezi kuliacha, hata lisiponihusu. Asista alipoondoka nilimfuata shemeji barazani. Kati yetu kulikuwa na utani wa mashemeji, nami nikautumia.

"Bofrere, mu ile departema yako, unaweza kufukuza mutu?"

"Hapana."

"Unaweza kumupa kazi?"

"Ata kidogo."

"Sasa ukubwa wako uko wapi?"

Alitazama bonde chini yetu, mahali ambapo mvua ya usiku ilikuwa imebeba kipande cha ukuta wa jirani. "Uko mu kalamu," alisema. "Miye ninaandika. Bengine njo banafukuza."

Sikucheka tena. Nilikumbuka kazi niliyowahi kufanya kwenye tanuru za matofali, upande wa Kabare. Tulikuwa na kapita, mtu aliyekanyaga udongo pamoja nasi tangu asubuhi, matope hadi magotini. Jioni alikwenda kwa mwenye tanuru kusema nani alilegea. Ugomvi ulipotokea, sisi tulimwona kuwa mtu wa tajiri, na tajiri alimwona kuwa mmoja wetu. Siku moja hakuja, na hakuna aliyeuliza. Sikumsimulia shemeji habari hiyo. Niliona haingemsaidia, na labda nilijua kwamba alikuwa ameshaiona mwenyewe kwa sura nyingine.

Wiki ile ilikwenda vibaya kimyakimya. Simu yake iliita, akipokea mtu anakata. Mwalimu mmoja jirani, ambaye kila asubuhi walishuka naye pamoja hadi barabara kubwa, alianza kutoka nyumbani mapema zaidi. Dada aliniuliza kama nami nimeona. Nilisema sijaona.

Jumamosi nilikwenda mkutanoni. Haukuwa mkutano wangu, lakini mlangoni waliingia watu waliobeba vitu, basi nilishika kiti kimoja cha plastiki kutoka kwenye gari la kukodisha viti nikaingia nacho. Niliketi juu yake mwishoni mwa ukumbi.

Huku kwetu hakuna mkutano usio na protokoli. Iwe harusi, iwe ibada, iwe kikao cha wazazi, mlangoni anasimama mtu mwenye tai na utepe kifuani. Anakupokea, anakutazama, anajua mahali pako, anakupeleka. Unaketi hapo. Kumkatalia ni kumwaibisha aliyekualika. Mbele ya ukumbi kulikuwa na viti vyenye mikono, vimefunikwa kitambaa cheupe, kwa ajili ya viongozi na wageni wa heshima. Mashefu wengine walikuwa wajanja au waoga. Baadhi hawakuja. Wengine walipitia mlango wa pembeni wakajipenyeza katikati ya watu. Shemeji yangu alipitia mlango mkubwa, kwa koti lake la misa.

Kijana wa protokoli alimwinamia kidogo, kama alivyofanya kwenye kila sherehe ya chuo. "Prof, karibu, mbele kule." Shemeji alimfuata. Nilimwona akipita mistari ya viti, akisalimia huku na huku, akiketi kwenye kitambaa cheupe akiwatazama wenzake. Sidhani aliwaza chochote. Alikuwa ameketi hapo miaka yote.

Mnong'ono ulianzia upande wa madirisha. Mjadala ulipofunguliwa, mwalimu mzee alisema kwamba shefu wa departema ni mwalimu aliyeazimwa, kesho anarudi darasani kama yeyote. Watu walimsikiliza kwa heshima. Kisha akasimama mwalimu mwanamke, akasema hana ubaya na mtu, ila hawezi kugoma bega kwa bega na anayeandika jina lake. Nilimsikia mtu karibu nami akisema hiyo ni haki. Mimi nami, nikiwa si kitu ukumbini mle, niliona wote wawili wana haki, na hilo likanitia hofu kuliko kama mmoja angekuwa amekosea.

Aliyemaliza mambo ni asista mmoja wa idara nyingine, mchekeshaji wao.

"Sisi tunabishana bure," alisema. "Mutazame fasi aliketi. Hatukumufunga kamba. Aliketi ye mwenyewe."

Ukumbi ulicheka, na kicheko kile hakikuisha haraka. Shemeji alisimama. Nadhani alitaka tu kuhama, akaketi na wengine, lakini kwa waliomtazama ilikuwa kama mtu anayeondoka kwa hasira. Alishuka kwenye njia ya katikati akitafuta nafasi. Zilikuwapo nafasi. Mtu mmoja aliweka begi lake juu ya kiti cha pembeni yake. Mwingine alitanua magoti. Shemeji aliendelea kushuka hadi ukutani, akasimama karibu nami. Nilimpisha kiti changu, akakikataa kwa kichwa.

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Niliangalia mkono mmoja tu, wa kijana wa Mudaka. Hakuuinua kwa wanaosema ni mwenzetu, wala kwa wanaosema hapana. Alikuwa akitazama viatu vyake. Mashefu wa departema walitolewa katika sendika mchana ule, na tulipotoka nje mvua ilikuwa inaanza. Mwavuli wa shemeji niliuacha nyumbani, na hakuna aliyetusogezea wake.

Jumatatu katibu wa masomo alimwita shemeji. Habari ilikuwa imemfikia kabla yake. Alimkaribisha tena kwa chai, akamwambia kwamba ni jambo jema kila mtu kujua mahali pake, na kwamba sasa wako pamoja. Kisha akauliza ripoti itakuwa tayari lini. Shemeji alitusimulia haya akiwa amesimama, koti likichuruzika maji kwenye saruji.

"Ukatale," dada alisema.

"Nikikatala, nitakatala na nani?"

Wiki moja nyuma jibu lilikuwapo, watu wote wa ukumbi ule. Walikuwa wameinua mikono yao na kuliondoa.

Aliandika ripoti mchana wa siku iliyofuata, kwenye meza ya kulia, dada akiwa sokoni. Nilikaa mlangoni nikijifanya ninatengeneza kiatu. Alifika mahali fulani, kalamu ikasimama. Nilimwambia kwa sauti ya chini amruke yule kijana. Akasema akimruka mmoja wengine watajua sababu, na katibu atajua pia, na kijana mwenyewe ataonekana mpelelezi wake. Kila alichosema kilikuwa kweli. Alisema bila kuinua macho, kisha kalamu ikaendelea.

Mgomo uliisha kwa mapatano ambayo kila upande ulijisifia. Walimu walirudi darasani. Wale wasio na barua ya ajira hawakuitwa tena, asista wetu miongoni mwao. Jumapili iliyofuata dada alipika kama kawaida na kuweka sahani ya ziada, akaiacha hapo hadi tulipomaliza. Baadaye tulisikia kwamba asista amekwenda Kamituga kutafuta dhahabu. Nilikuwa nimefanya kazi kule, na najua udongo wa mashimo yale unavyokuwa mvua ikinyesha mfululizo.

Mke wa asista alikuja alasiri moja, mwanamke mwembamba aliyebeba mtoto mgongoni. Hatukuwa tumewahi kumwona. Jumapili mumewe alikuwa akija peke yake, yeye akibaki Mudaka na mama mkwe. Alibisha hodi kwa adabu, akasema yeye ni nani. Dada alimkalisha kwenye kochi, akamletea chai na mkate. Alishukuru. Hakuigusa. Kwetu mgeni akikataa chai husema sababu, tumbo au mfungo. Huyu hakusema sababu.

Dada alimuuliza habari za mumewe. Akasema simu yake haipatikani, na kwamba hilo si jambo la ajabu kule. Kisha akanigeukia mimi.

"Banasema uliishi Kamituga, papa. Mvua ikinyesha hivi, bale ba mu mashimo banatokaka?"

"Bengine banatokaka, maman," nilisema. Sikuweza kumdanganya, na sikuweza kumaliza sentensi.

Alitikisa kichwa polepole. Alitazama picha za harusi ukutani, meza ya kulia, mlango wa chumba cha ndani. Shemeji alikuwa nyuma ya mlango huo. Tulikuwa tumemsikia akisogeza kiti mgeni alipobisha hodi, na tangu hapo hakukuwa na sauti. Nadhani yule mama naye alijua.

Dada alimwuliza kwa upole kama kuna kitu tunachoweza kumsaidia.

"Hapana, maman," alisema. "Alikuwa anasemaka sana juu ya hii nyumba. Nilikuja tu kuiona."

Alimweka mtoto vizuri mgongoni, akakaza kitenge, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono. Dada alimsindikiza hadi kwenye ngazi za udongo, akasimama pale mpaka hakuonekana tena. Aliporudi alimwaga chai kwenye majani ya nje na kuosha kikombe palepale.

Mlango wa ndani ulifunguliwa. Shemeji aliuliza nani alikuwa amekuja.

"Hakuna mutu," dada alisema.

Shemeji alirudi ndani, akaufunga mlango nyuma yake bila kutoa sauti.