Pangaboi la Chumba cha Baba

Pangaboi la chumba cha baba, pale Mtoni, lilikuwa likilia tak, tak, tak, na nyumba nzima tuliufuata mlio huo. Nilikuwa na miaka kumi. Baba, karani wa bohari, alikuwa amepooza upande wa kulia, na Januari ile bati lilichoma kama kikaango. Daktari alitusisitizia jambo moja: joto lisimzidi. Leo nina diploma ya ufundi mitambo, niliyojilipia bila kubebwa na mjomba yeyote, na Uarabuni nimehudumia turbini miaka kumi na moja, yale magurudumu ya mapanga yanayofua umeme. Wahandisi wenye digrii waliniita nisikilize mlio wa turbini kabla hawajathubutu kuifungua. Lakini somo la kwanza la mapanga yanayozunguka nililipata kwa baba, kitandani.

Nilidhani jina la pangaboi limetokana na mapanga yake matatu. Baba alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Kwa ulimi mzito akanieleza kwamba neno lilitoka India, ambako pankha ni kipepeo cha kupepea. Kwamba enzi za wakoloni kitambaa kipana kilining'inizwa darini ofisini, na mtu akakaa barazani akikivuta kwa kamba kutwa nzima. Aliitwa boi hata kama ana wajukuu. "Babu yako kavuta sana," alisema. "Mzungu anapata upepo, yeye anatoka jasho." Umeme ulipokuja mtu aliondoka, jina likabaki.

Ulikuwa msimu wa mgao. Kila nyumba ilijua: umeme ukikatika zima kila kitu, maana hurudi kwa nguvu. Mchana mmoja ulikatika, mama yuko sokoni. Niliacha swichi ya pangaboi kwenye namba tano makusudi, ili ukirudi baba asisubiri hata dakika. Ulirudi. Pangaboi likavuma, likatoa moshi, likanyamaza.

"Nani kaacha feni kwenye tano?" mama aliuliza, kapu bado mkononi.

"Mie, mama."

"Usimgombeze," baba alisema. "Sasa na mie mzungu. Boi wangu huyo hapo."

Tulicheka wote watatu. Fundi alisema koili imekufa, na nyingine hatukuweza kununua. Nikampepea baba kwa kipepeo cha ukindu, mkono huu, kisha huu, kisha yote miwili. Alasiri ya siku ya nne nilisinzia kando ya godoro. Nilipoamka kipepeo kilikuwa sakafuni, shuka limelowa, na baba alikuwa akinitazama. Aliniacha nilale. Jioni tulimpeleka hospitali, hakurudi.

Nyumba yangu ya Kimara ina viyoyozi vitatu na jenereta, na hakuna aliyenisaidia hata tofali. Mama naishi naye. Husema baba angeondoka tu, joto lisingebadili kitu. Namjibu, "Ndiyo, mama." Nipe urefu wa panga na kasi yake, nitakuambia litatoa upepo kiasi gani. Upepo wa saa ile niliyolala sijui ungemfaa nini, na hakuna wa kuniambia.