Kimeo cha Jicho

Bibi yangu wa Haneti aliniita mume wangu tangu nikiwa mtoto. Siku niliyorudi likizo kutoka Mpwapwa, nilikokuwa nikisomea mifugo, akaniongezea cheo: mume wangu daktari. Nilikuwa nimesoma mwaka mmoja tu. Nilikuwa na koti jeupe, mkasi, na kiburi cha kutosha wilaya nzima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Koti usivue, una mgonjwa."

Mgonjwa alikuwa mbwa wake jike, mwenye rangi ya vumbi. Tangu babu afariki, huyo ndiye aliyezuia fisi wasimalize mbuzi wa bibi, na bibi alimpenda kuliko baadhi yetu. Hakulificha hilo. Kwenye pembe ya jicho la kushoto, upande wa puani, palikuwa pametokeza kinyama chekundu, ukubwa wa punje ya hindi.

"Kimeo hicho," bibi akasema. "Kimemtokea jichoni. Kata."

Kwetu mtoto akikohoa wiki mbili, hakuna anayehangaika na kifua. Wanamfungua kinywa, wanakiona kile kinyama kinachoning'inia kooni, wanakitupia lawama zote, wanakikata. Mimi nilikatwa changu nikiwa na miaka minne, na nikaendelea kukohoa mpaka darasa la tatu. Hakuna aliyejiuliza, hata mimi mwenye koo.

Basi nikakata! Bibi alimfunga mbwa mdomo kwa kanga na kumshika mabega, nikadondosha ganzi, nikakivuta kinyama, mkasi ukapita. Nikapiga picha, nikaiweka stetasi: "Upasuaji wangu wa kwanza." Jioni nikachinjiwa jogoo, nikala mpaka shingo.

Muhula uliofuata, mwalimu wetu wa anatomia alileta darasani mbwa aliyegongwa na lori. Akalifungua jicho.

"Mbwa ana kope tatu, nyie mnaosinzia. Tezi ya machozi ya juu, hii iliyo chini ya mfupa wa nyusi, mnaijua, kwa sababu ndiyo mnayoichora kwenye mtihani. Ya pili iko hapa pembeni, kwenye shina la kope ya tatu. Zinasaidiana kulowesha jicho. Hii ikichomoka inakuwa nyekundu, na mjinga anadhani ni uvimbe. Inarudishwa ndani, inashonwa. Ukiikata, umemkausha mnyama jicho."

Wallahi nilimsikia yule jogoo akiwika tumboni. Mimi ndiye niliyesinzia, mimi ndiye niliyechora tezi moja nikapita mtihani. Kwenye simu nikamuuliza bibi, kama mtu anayeuliza habari za mvua, mbwa anaendeleaje.

"Anaamka na matongotongo kama mlevi," akasema. "Lakini kimeo hakijarudi. Wewe fundi!"

Nikaaga, nikakata simu. Niliogopa, basi. Nilikaa na hiyo aibu mpaka Desemba, nikapita duka la dawa la Majengo, mjini, nikanunua kichupa cha matone ya kulowesha jicho, nikaenda Haneti.

Upepo ulikuwa unatimua vumbi uani. Mbwa alinikimbilia, akajigonga kwenye nguzo ya zizi, upande wa kushoto. Jicho lile halikuwa linang'aa tena. Lilikuwa na utando, limefifia kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

"Bibi," nikasema kabla hata ya shikamoo, "kile hakikuwa kimeo. Ilikuwa tezi ya machozi. Nimemuua jicho mbwa wako."

Nikamnyooshea kichupa. Akakichukua, akakitikisa kujua ujazo wake.

"Hii anatiwa mpaka lini?"

"Kila siku, mara nyingi. Maisha yake yote."

"Na wewe utakuwa Mpwapwa, unakata wengine."

Mbwa akaja akanusa mkono wangu, ule ule ulioshika mkasi, akaulamba. Hapo nikalia. Sisemi nililengwalengwa na machozi, nililia kwa sauti, na kamasi, mbele ya mbuzi wote. Nikanyanyua mkono wa shati nijipanguse, bibi akaudaka.

"Usiyafute, mume wangu," akasema, akinivutia chini kwa mbwa. "Mwinamie huyu. Ndiye mwenye shida nayo."